Vua Chako, Changu Niachie

Vua chako, changu niachie. Mmemsikia Mama Zamda akimtupia maneno hayo jirani yake, yule aliyeacha kula ugali na sasa anataka mtaa mzima uache, nanyi mkacheka mpaka mkashikana mabega. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni chini. Methali hii ilianza hivi, na ilianza hapa hapa Korogwe, wala si enzi za mababu. Nilikuwepo. Nawaambieni mapema kwamba siisimulii kwa furaha. Kila ikinijia kichwani damu inanichemka, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Tulikuwa na klabu ya jogging. Kila Jumamosi alfajiri tulikusanyika karibu na kituo cha reli, watu arobaini hivi, wote na jezi za kijani, tukakimbia polepole huku tukiimba, kisha tukamalizia kwa supu na chapati. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Mntambo, bwana shamba mstaafu, mtu mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Makamu wake nilikuwa mimi.

Mzee Mntambo alianza mbio uzeeni, baada ya daktari kumtisha kwa habari za presha. Akanunua raba nene, na goti la kulia likaanza kumuuma. Akabadilisha raba mara tatu, goti likazidi. Siku moja raba zililowa mvua, akatoka pekupeku kwenye njia ya vumbi kando ya reli, akatembea, akakimbia hatua chache. Goti likanyamaza. Kesho yake akarudia. Wiki ya kwanza alikwenda mpaka kwenye kalavati tu na kurudi. Nyayo zilipomwaka moto, alipumzika siku mbili, akaanza tena. Ilimchukua miezi minne mizima kufika daraja la mtoni bila viatu. Nyayo zikamkomaa kama ngozi ya ngoma, na goti likapona kabisa. Hilo halina ubishi. Mtu akipata nafuu yake, nani amkasirikie?

Lakini hakutosheka kupona peke yake. Kila tukikaa kwenye supu alituhubiria nyayo. Aliyekuja na raba mpya alimwita mgonjwa mbele ya watu. Wengine walicheka, mimi pia nilicheka, na yeye akadhani kicheko kile ni ridhaa.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Hidaya, fundi cherehani wa pale sokoni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa ukikanyaga pedeli kutwa nzima. Kwa mguu huo aliwalea wanawe wawili baada ya baba yao kufariki. Alikimbia na sisi kwa ajili ya mgongo tu, maana kuinamia kitambaa tangu asubuhi mpaka jioni kunauma. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, shule moja ilimpa kazi ya kushona sare za watoto wote wa darasa la kwanza, ziwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari. Alikuwa ameingoja kazi hiyo miaka mingi. Alituambia wazi kwamba ikienda vizuri, hatabembeleza tena vishati vya kuweka viraka.

Jumamosi moja katikati ya Desemba tulikuwa na bonanza na klabu ya wageni. Mzee Mntambo alitaka tuwashangaze. Akaja na viroba viwili na bajaji, akatuamuru tuvue raba wote, tuzitie kwenye viroba, bajaji itangulie nazo uwanjani, kilomita kumi mbele. Asiyetaka, avue na jezi, aende zake nyumbani. Baadhi yetu hatukuwa tumekanyaga hata ua wa nyumba zetu bila kandambili kwa miaka.

Hidaya peke yake ndiye aliyesogea mbele.

"Mwenyekiti, mguu wangu huu ni wa cherehani," alisema. "Niache nikimbie na raba zangu. Nitakaa nyuma kabisa, wageni hawataniona."

"Bibi yako alivaa raba?" Mzee Mntambo akamuuliza.

"Bibi yangu hakuvaa tangu azaliwe. Mimi nimevaa miaka thelathini."

Watu walicheka, lakini walimcheka Hidaya. Naye akageuka, akanitazama mimi. Alijua kwamba makamu nikisema neno moja, nusu ya wale watu watasimama na mimi. Mdomo nilikuwa nao, na cheo nilikuwa nacho. Nikainama, nikafungua kamba za raba zangu, nikazitia kwenye kiroba. Hidaya alipoona hivyo akavua zake.

Wageni walichelewa, tukaondoka saa mbili na nusu jua likiwa limeshawaka. Lami ya Korogwe mwezi wa Desemba haina huruma. Kufika kilomita ya nne watu walikuwa wakiruka ruka kutafuta majani ya pembeni, na Hidaya alikuwa anachechemea. Raba zake zilikuwa uwanjani. Kilomita ya saba alisikia kitu kikikatika ndani ya mguu, akakaa chini barabarani. Mzee Mntambo alikuwa mbele akiongoza wimbo, wala hakugeuka.

Mimi niliambulia malengelenge. Hidaya, mfupa wa unyayo wa kulia ulikuwa umepata ufa. Hospitali wakamfunga hogo la plasta mpaka karibu na goti, wakamwambia akae nalo wiki sita. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki tatu.

Alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Uzi ulikatika, mishono ikaenda upande. Aliifumua, akashona tena, akafumua tena. Siku ya nne walimu wawili wakaja, wakamwambia pole kwa adabu, wakabeba vitambaa vyote wakampelekea fundi mwingine. Nilikuwa nimekaa naye siku hiyo, nikamwona anakunja kipande kimoja kilichosahaulika chini ya meza, anakikunjua, anakikunja tena.

Saa ileile Mzee Mntambo akaingia, pekupeku, na kichane cha ndizi mkononi. Wateja wawili walikuwa mlangoni. Alisema pole mara moja, kisha akaanza somo. Kwamba Hidaya alitua kwa kisigino, ndiyo maana. Kwamba akipona aanzie kwenye vumbi. Kwamba hata sasa, mguu ule mzima usikae bure, uanze kuzoea sakafu. Na akiwa bado anasema akainama, akaushika mguu wa kushoto wa Hidaya ili amvue kiatu chake cha kandambili.

Hidaya alichukua rula yake ya mbao, akaiweka juu ya mkono wa mzee yule. Hakumpiga. Aliiweka tu, akaikandamiza.

"Wewe ulijipa miezi minne," alisema. "Mimi ukanipa dakika moja. Vua chako, Mwenyekiti. Changu niachie."

"Nilikutakia mema," Mzee Mntambo akasema, bado ameinama.

"Najua. Toa mkono."

Akautoa, akaondoka. Wale wateja walitoka na maneno yale, na kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linayasema. Mimi nilibaki. Hidaya akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama raba zangu nilizipata. Nilizipata, siku ileile, safi, na kamba zake.

Mzee Mntambo bado anakimbia pekupeku, na goti lake ni zima. Kwa mguu wake alikuwa sahihi. Hidaya alipona, lakini ile shule haikurudi kwake tena, na vishati vya viraka anavishona mpaka sasa. Kwa hiyo mkisikia mtu anaambiwa maneno yale, msikimbilie kucheka. Aliyepata dawa na aitumie, na akiulizwa aieleze. Akianza kuinamia miguu ya wenzake, mwambieni pale pale, tena mwambieni nyinyi mlio pembeni, msimwachie mwenye mguu aseme peke yake kama nilivyomwachia mimi: vua chako, changu niachie.