Sinia la Mwanatumu

Ilikuwako, wala hamkuwako, enzi ambazo kuku hajakosana na mwewe. Sogeeni. Wewe, acha kumfinya mwenzio!

Katika mji wa Shungwi palikuwa na binti, Mwanatumu, aliyempenda kijana Kombo, na Kombo akampenda. Kombo akaja na wazee wake kuposa. Ada ya Shungwi ilikuwa hii: wageni hula kwanza, ndipo posa hujibiwa, na mkono wa kwanza ni wa mkubwa wao. Sinia likirudi halijaguswa, basi posa imevunjika, na mji mzima utajua.

Mwanatumu alikuwa ameumua unga tangu jana, akautia tui na iliki. Sinia likaletwa pamoja na mbaazi za kulia, linafuka moshi.

Mkubwa wa wageni, Mwinyi Pazi, ami yake Kombo, akanyoosha mkono, kisha akauzuia hewani.

"Maandazi haya..."

"Mahamri," akasema Shekue, baba wa binti.

"Maandazi! Neno latokana na kuandaa. Kilichoandaliwa ndicho andazi."

"Basi kitanda kikiandaliwa utakitafuna? Hamri ni hamira! Pasipo hamira hapana hamri!"

Wakabishana, wakabishana. Huyu kwa maneno akaenda Uarabuni, yule akarudi bara. Mahamri yakapoa. Wakabishana. Mbaazi zikaganda. Watu wazima, wanangu, wenye ndevu! Mwinyi Pazi akaapa hali mpaka yaitwe maandazi. Shekue akaapa hayaiti hivyo hata afe. Matumbo yanawanguruma.

Nyuma ya pazia Mwanatumu akashindwa kuvumilia.

"Kombo! Na wewe wasemaje?"

Kombo akameza mate. "Mimi namngoja ami."

"Basi kamuoe ami yako!"

Akatoka, akalibeba sinia mwenyewe, akalirudisha jikoni. Posa ikavunjika palepale.

Mnauliza alilia? Alilia sana, maana alimpenda yule mjinga. Lakini alilia huku anakula, mama yake anammegea. Wageni wakarudi kwao na njaa, na njiani wakaanza kuulizana neno sambusa limetoka wapi.

Wajukuu zangu, kujua asili ya neno ni kuzuri, lakini hakumshibishi mtu wala hakumwozi mtoto.

Kisa nimekimenya, ganda nimelitupa. Na atakayeniuliza neno "kisa" limetoka wapi, leo atalala na njaa.