Kisu Mkononi mwa Mize

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wenzangu. Wa nyuma mnanisikia?

Tunakusikia!

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limepotea, aliishi tabibu mmoja, Mzee Makungu. Aliunga mifupa. Alipasua majipu. Mkono uliooza aliukata, na mwenyewe akaishi. Lakini alikuwa amechoka. Jamani, alichoka! Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata kuitwa jina lake kulimchosha.

Na kila asubuhi, kra, kra, kra, nyayo kwenye changarawe. Ni Mbaruku, aliyekuwa mpiga ngoma.

"Makungu, mkono wangu uko wapi?"

Mzee huinamisha kichwa. Miaka mingi nyuma mkono wa Mbaruku ulioza. Mbaruku alikataa kukatwa. Ndugu zake wakasema akatwe. Mzee akamnywesha dawa ya usingizi, akakata. Mbaruku akaamka yu hai, mkono hana.

Tangu siku ile Mzee alijiwekea desturi. Kabla ya kukata, humpa mgonjwa kisu akishike. Akikirudisha mwenyewe, Mzee hukata. Asipokirudisha, hakati.

Basi siku moja, kra, kra, kra, akaja Faki, amembeba mgongoni dada yake, Mize. Mize alikuwa msusi wa mikeka. Mwiba wa mkindu ulimchoma kiganja cha kulia. Kikavimba, kikawa cheusi, kikanuka.

"Kata, Babu," Faki akasema.

"Mkono ni wako?"

"Dada ni wangu!"

"Sikuuliza dada."

Mzee akaketi karibu na Mize, akamwekea kisu katika mkono wa kushoto.

"Mjukuu wangu, mkono huu umekufa. Ukibaki nao, sidhani utauona mwezi ukiandama. Nikiukata, huenda ukaishi."

"Huenda?"

"Wengi niliowakata walipona. Wengine nimewazika."

"Na kusuka?"

"Mkono ukienda haurudi."

Mize akakikumbatia kisu. "Sitaki."

"Haya."

Faki akaruka. "Haya? Mzee mzima unasema haya? Mnyweshe ile dawa, alale, ukate! Akiamka atakushukuru."

Mzee akakitazama kibuyu cha dawa. Kilikuwa karibu. Kunyoosha mkono tu, kazi imekwisha, naye akapumzike. Alikuwa amechoka mno. Akanyoosha mkono. Akakipita kibuyu, akachukua maji, akaosha kidonda.

Siku ya kwanza: "Mize, unasemaje?" "Sitaki." "Haya." Akaosha.

Siku ya pili: "Mize, unasemaje?" "Sitaki, na usiniulize tena." "Kesho nitakuuliza." Akaosha.

Huko nje Faki akapiga kelele huku akilia. "Mwoga we! Mikono inakutetemeka, ndiyo maana!"

"Inatetemeka kweli," Mzee akajibu.

Siku ya tatu, kabla hajaulizwa, Mize akasema, "Nina mkeka nyumbani umebaki mshono mmoja. Nileteeni."

Faki akakimbia, akauleta. Mize akaubana kwa kiwiko, akashika sindano kwa mkono wa kushoto. Chwi. Akapumzika. Chwi. Akapumzika. Jasho likamtiririka mpaka mshono ukafika mwisho.

"Umepinda," akasema.

"Umepinda," Mzee akakubali. "Lakini umeshika."

Mize akautazama sana. Kisha akachukua kisu, akampa Mzee.

"Kata. Na hiyo dawa nipe. Sasa ninataka kulala."

Mzee akakata. Mize akapona.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mize akamletea Mzee mkeka, mishono yake imepinda yote. Wakiwa mlangoni, kra, kra, kra, Mbaruku huyo. Akamtazama Mize.

"Binti, mkono wako uko wapi?"

"Nilimpa Mzee."

 Mbaruku akamgeukia Mzee, sauti chini. "Na wangu?"

Kwa mara ya kwanza Mzee akainua kichwa.

"Niliuchukua, Mbaruku. Ulikataa, nami nikauchukua."

 Mbaruku akaketi mkekani. Baadaye akaomba maji, Mzee akampa, akaketi naye.

Wenzangu, mwili una mwenyewe. Hata ukiwa na dawa mkononi, bisha hodi, kisha ngoja uitikiwe, hata kama umechoka.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni, walipoketi wazee wawili.