Meno Hayana Tumbo

"Paukwa."
"Pakawa."
"Palikuwa na nini?"
"Palikuwa na mawe."
"Na juu ya mawe?"
"Palikuwa na jua."
"Na chini ya mawe?"
"Hatujui, tuambie."
"Basi sogeeni. Chini ya mawe alikuwako Sange."

Sange ni mnyama mdogo. Ukimwona upesi utadhani panya, lakini panya hana pua kama ile. Pua yake ndefu, laini, inapinda huku, inapinda kule, inawanusa sisimizi wakiwa bado nyumbani kwao. Miguu yake myembamba, na wazo likimjia hupiga mguu chini: tak-tak-tak.

Sange huyu alikuwa na mke, jina lake Mashavu. Walikaa chini ya jiwe moja, wawili tu, miaka na miaka. Sange alikuwa mnyamavu. Mashavu alisema kwa ajili yao wote wawili.

Siku moja asubuhi Mashavu alitoka kutafuta mchwa. Hakurudi. Alirudishwa.

Ngiri ndiye aliyemkuta amelala kando ya mti ulioanguka, hana pumzi. Na pembeni yake ameketi Nyegere, yule mla asali mwenye kucha ndefu na hasira za karibu.

Ngiri akamwuliza, "Ni wewe uliyemwua?"

Nyegere akainamisha kichwa kukubali. Hakukimbia. Wanyama wakaja mbio, wakamfunga miguu kwa magome ya miti, na mdomo wakaufunga vilevile, maana meno ya Nyegere yanajulikana. Wakamburuta, kwaru-kwaru-kwaru, hadi Mwambani, mahali pa hukumu.

Nchi ile ilikuwa na sheria moja, fupi, hata vifaranga wa kware waliijua: mwenye kuua naye auawe. Hakimu alikuwa Mzee Pofu, mnyama mkubwa mwenye pembe ndefu. Pofu ni jina la ukoo tu, macho alikuwa nayo. Mnyongaji alikuwa Fisi, jina lake Kingugwa. Aliitwa mnyongaji ingawa hakunyonga. Aling'ata. Na desturi ilisema hivi: nyama ya aliyehukumiwa ni mali ya aliyemwua.

Kwa hiyo Kingugwa aliipenda sana sheria. Mnyama akifa kwa homa, Kingugwa huja matangani, akakaa kwa adabu, akauliza, "Mna hakika hakuna aliyemwua?"

Mashavu akazikwa. Wanyama wakasimama juu ya kaburi wakasema kwa sauti moja, "Auawe. Auawe. Auawe." Wakamgeukia Sange wakamwambia, "Vumilia siku nne, bwana. Nyegere akishang'atwa, moyo wako utapoa." Kisha kila mmoja akakumbuka kazi zake, akaenda zake.

Sange akabaki mgane. Siku ya kwanza alikaa chini ya jiwe. Jiwe lilikuwa lilelile, lakini kivuli chake kilikuwa kimekuwa kikubwa mno kwa mmoja. Alitoka, akakamata mchwa watatu wanono, akarudi mbio akasema, "Mashavu, leo nimepata..." Akanyamaza. Yeye ambaye siku zote hakuwa na la kusema, sasa alikuwa na mengi, na hakukuwa na wa kumwambia.

Siku ya pili akaenda kwa Bibi Nungunungu. Bibi huyu naye alifiwa zamani. Mwanawe aliuawa na Kanu, yule mnyama wa madoa mfano wa paka, na Kanu akang'atwa Mwambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Bibi, Kanu alipong'atwa, moyo wako ulipoa?"

Nungunungu akatikisa miiba yake, chakacha-chakacha. "Ulipoa, siku ile. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala. Asubuhi nikakumbuka kuwa kuna kitu sikumwuliza Kanu."

"Kitu gani, bibi?"

"Mtoto akiumia huita mtu. Mwanangu aliita nani? Aliniita mimi, au alimwita baba yake? Aliyekuwapo pale ni Kanu peke yake. Basi nikakimbia Mwambani, hof-hof-hof, miiba yote imenisimama. Nikamkuta Kingugwa anachokoa meno."

Nungunungu akasema, "Miaka kumi na mitano, mjukuu wangu. Bado najiuliza."

Sange akarudi kwake polepole. Njiani mguu wake ukaanza wenyewe: tak-tak-tak. Nyegere ndiye wa mwisho kumwona Mashavu. Alichosema Mashavu, alivyotazama, kama aliogopa au hakuogopa, vyote vilikuwa ndani ya kichwa cha Nyegere. Na kesho kutwa kichwa hicho kingekuwa tumboni.

Siku ya tatu akaenda Mwambani. Kingugwa alikuwa ameketi mbele ya mfungwa, anamlinda, na mate yanamdondoka, tone, tone, tone.

"Bwana mkubwa," akasema Sange, "nifungulie mdomo wake kidogo. Nina neno la kumwuliza."

"Mfungwa haongei na mfiwa, mdogo wangu. Huruma huingilia masikioni."

"Sina huruma naye. Nataka kuuliza tu."

"Basi njoo kesho jioni," akasema Kingugwa. "Weka sikio hapa kwenye tumbo langu, umwulize." Akacheka, kha-kha-kha, hadi akakohoa.

Sange akamtazama Nyegere. Nyegere alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, kama umeumwa na nyuki. Sange akaenda kwa Mzee Pofu, akaomba tena. Mzee Pofu akamwambia kwa upole kuwa sheria haina nafasi ya maswali, ina nafasi ya neno moja tu: siku ya hukumu mfiwa hupewa kusema neno lake kabla ya meno. Na neno lenyewe linajulikana.

Siku ya nne jua likawaka. Nchi nzima ikajaa Mwambani. Walikuwako Nyati, Ngiri, Tumbili, kware na vifaranga wao. Kingugwa alikuwa hajala tangu juzi, makusudi. Nyegere akalazwa juu ya jiwe.

Mzee Pofu akasema, "Mfiwa, simama useme neno lako."

Wanyama wakavuta pumzi, tayari kuitikia. Sange akasimama. Alikuwa mdogo hata waliokaa nyuma wakauliza kama amekuja.

"Mzee," akasema, "kabla ya neno langu, nieleweshe. Sheria inasemaje?"

"Mwenye kuua naye auawe."

"Awe nani?"

"Awe yeyote."

"Na Kingugwa amewang'ata wangapi juu ya jiwe hili?"

Kingugwa akajibu mwenyewe, kifua mbele. "Kumi na wawili. Huyu wa kumi na tatu."

"Basi Kingugwa ameua kumi na wawili," akasema Sange.

Kifaranga mmoja akasema, "Mama, basi naye auawe?" Mama yake akamfunika kwa bawa.

Kingugwa mkia ukamwingia miguuni. Akasema upesi upesi, "Sikuua mimi. Nani amesema nimeua? Iliyoua ni sheria. Mimi ni meno tu. Mzee, si kweli?"

"Ni kweli," akasema Mzee Pofu. "Anayeua hapa ni sheria. Kingugwa ni meno yake."

"Nimeelewa," akasema Sange, na mguu wake ukapiga, tak-tak-tak. "Na desturi inasema nyama ni ya nani?"

"Ni ya aliyeua."

"Basi ni ya sheria. Kingugwa ang'ate, ateme, anawe mdomo, aende kwake. Nyama ikae hapa juu ya jiwe, sheria ije ile yenyewe. Kingugwa asionje hata kidogo. Yeye ni meno, na meno hayana tumbo."

Mzee Pofu akatafuna maneno hayo kama majani makavu. Aligeuza upande huu, aligeuza upande ule. Mwisho akasema, "Ndivyo. Kingugwa, ng'ata uteme."

"Niteme?"

"Uteme."

"Hata damu?"

"Hata damu."

Kingugwa akamtazama Nyegere. Alikuwa mnono, ana asali ya msimu mzima chini ya ngozi. Akasema moyoni, nikisema nimeua mimi, nitakula, kisha nitakufa. Nikisema imeua sheria, nitaishi, lakini sitakula. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua, akaufunga.

"Mzee," akasema, "leo jino linaniuma. Hili la nyuma."

"Hujawahi kuumwa jino."

"Limeanza sasa hivi." Akashuka mwambani polepole, tumbo likinguruma, guru-guru-guru.

Mzee Pofu akawageukia wanyama. "Mlisema auawe. Nani atakuwa meno?"

Nyati akasema, "Mimi hula majani, mzee."

Ngiri akasema, "Mimi nimeacha watoto peke yao, mzee."

Tumbili akasema, "Mimi nilisema auawe, mzee. Sikusema nitaua."

Mzee Pofu akainua macho akatazama pembe zake mwenyewe, ndefu, kali. Kisha akatazama pembeni. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Mfiwa, je, wewe?"

Sange akapanda jiwe, akamkaribia Nyegere hadi shingoni. Mshipa ulikuwa unapiga pale. Alitaka. Tusidanganyane, Sange alitaka. Siku zote nne alikuwa anauota mshipa ule. Akasimama hivyo kitambo kirefu. Kisha akatoa meno yake madogo ya kulia mchwa, akaguguna gome lililofunga mdomo wa Nyegere. Gu-gu-gu. Likakatika.

Kwa kuwa meno hayakupatikana, Mzee Pofu akaigeuza hukumu. Nyegere akatiwa katika pango la mwamba usiochimbika, ndugu zake wawe wanamletea chakula, na asitoke mpaka mvi zake zote za mgongoni zing'oke. Na mvi za Nyegere huzaliwa naye na huzikwa naye.

Wanyama walipoondoka, Sange alikaa mlangoni mwa pango.

"Sikuja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Niambie ilikuwaje."

Nyegere akausogeza uso wake uliovimba hadi mlangoni. Kisha akasema, "Nilikuwa nachimba asali kwenye ule mti. Nyuki wakanivamia usoni, nikawa sioni, nimekasirika, nalia. Mkeo akatokea kwenye majani. Akaniuliza, 'Wamekuuma sana?' Na sauti yake ilikuwa inacheka. Mimi mkubwa hivi, nalia kwa nyuki, na kitu kidogo kama kile kinanicheka. Nikampiga. Mara moja tu. Nilipofumbua macho, alikuwa bado ananitazama. Akauliza tena, taratibu, 'Wamekuuma sana?' Basi. Nimekaa siku nne nawaza, kwa nini alinicheka."

Sange akainamisha pua yake hadi ikagusa mchanga.

"Hakukucheka," akasema. "Sauti yake ndivyo ilivyokuwa. Hata akiomba maji. Hata tulipozika mtoto wetu. Wageni wote walidhani anacheka."

Nyegere alijigeuza akaweka uso wake kwenye mwamba, na ndani ya pango ikasikika sauti moja tu, ya kucha zikikwaruza jiwe, kwaru, kwaru, mahali pasipochimbika.

Sange akarudi kwake peke yake. Shemeji zake, ndugu za Mashavu, hawakumsalimu tena, walisema amemsaliti dada yao. Ngiri akikutana naye hupita kushoto. Moyo wake haukupoa, na hakumsamehe Nyegere, siku ile wala siku nyingine yoyote. Lakini mvua moja ilipopita na ya pili ikapita, nchi nzima ikawa imeacha kulitaja jina la Mashavu. Wengine walisahau, wengine waliona haya. Wakabaki wawili tu duniani waliokumbuka alivyokuwa anasema. Basi kila Sange alipozidiwa na ukimya wa jiwe lake, alikwenda hadi mlangoni mwa pango, akaketi kwa mbali, akasema, "Niambie tena."

Na Nyegere alimwambia tena.

Ngano yangu nimeibeba hadi hapa, nanyi miguu yenu mizima, ibebeni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, mimi nimezoea.

"Na funzo lake?"

"Funzo lake, wanangu, ni hili: muuaji auawe mapema, tena mdomo ukiwa umefungwa. Mkimwacha atasema kitu, na mfiwa atakaa na kitu hicho maisha yake yote. Tena mtamwonea bure fisi wa watu, ambaye hajawahi kuua mtu, alikuwa anakula tu. Mmeelewa?"

"Hatujaelewa."

"Basi nendeni mkalale. Walioelewa upesi ndio waliojaa Mwambani."