Sikuachi, Mbwa wa Watu Wote

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mji, na watu, na mbwa wa watu.

Basi sogeeni, mnisikilize kwa masikio yote mawili.

Hapo zamani za kale, mbwa na watu walipokuwa wakisemezana, palikuwa na mji uliozungukwa na msitu na makorongo. Katika mji huo aliishi mbwa, jina lake Sikuachi. Hakuwa mbwa wa nyumba fulani. Alikuwa mbwa wa mji. Kila siku alipewa kibakuli cha ugali na mifupa kutoka ghala la mji, lile ambamo kila nyumba ilitia mtama wakati wa mavuno.

Kazi yake ilikuwa moja. Akipotea mtoto, Sikuachi humtafuta. Akipotea ng'ombe, Sikuachi humtafuta. Ananusa, ananusa, ananusa, mpaka ampate.

Miaka tisa akafanya kazi hiyo. Mwaka wa kumi miguu ikakakamaa, na pua ikalala.

Jumbe Shekue, mkuu wa mji, akaita watu. Ngoma ikapigwa, Sikuachi akasifiwa, akavishwa shada la maua shingoni. Kisha Jumbe akasema, "Sikuachi, asante sana. Lakini kibakuli cha ghala ni cha mwenye kufanya kazi. Sasa kapumzike."

"Nikapumzike wapi, Jumbe?"

Jumbe akawageukia wapiga ngoma. "Pigeni!" akasema.

Sikuachi akaenda kwa Mama Chausiku, mfinyanzi. Mtoto wake alipotea msituni siku mbili, Sikuachi akamrudisha.

"Hodi!"

"Karibu! Aa, kumbe ni wewe. Sikuachi, fadhila yako siisahau. Lakini wewe ni mbwa wa watu wote. Mbona nikulishe mimi peke yangu? Kawaulize wengine."

Akaenda kwa Mnkande, mfugaji. Ng'ombe wake kumi na wawili waliibwa, Sikuachi akafuata nyayo mpaka akawapata.

"Hodi!"

"Karibu! Lo, umekonda, ndugu yangu! Lakini wewe ni mbwa wa watu wote. Kawaulize wengine."

Akaenda kwa Sengondo, mhunzi. Huyu hata mlango hakufungua. Alijibu akiwa ndani, "Kawaulize wengine!"

Hapo Sikuachi akatambua kwamba mbwa wa watu wote ni mbwa asiye na mtu.

Akatoka mjini. Shada lilikuwa limenyauka, maua yakidondoka moja moja njiani. Akakuta dungu bovu la kulindia ndege, katika shamba lililoachwa, akalala chini yake. Alikula mijusi alipoweza kuwakamata. Asipoweza, alilala na njaa. Lakini njaa haikumuuma kama ukimya. Watu walipita njiani wakienda mtoni, naye kila aliposikia nyayo alisimamisha masikio. Nyayo zinakuja, zinakuja, zinapita. Wengine walisema, "Pole, Sikuachi," lakini hawakusimama.

Ndipo akaimba:

*Nilinusa, nikanusa,*
*Waliopotea wakarudi.*
*Leo nimepotea mimi,*
*Ni nani ananinusa?*

Watu hawakuusikiliza wimbo ule. Mbwa waliusikiliza.

Jumbe akatafuta mbwa mwingine. Akaja wa kwanza, mweusi, mwenye nguvu. Akauliza, "Aliyekuwepo kabla yangu yuko wapi?" Watu wakatazama chini. Mbwa mweusi akageuka, akaenda zake.

Akaja wa pili, mwenye mabaka. Akauliza, "Aliyekuwepo kabla yangu yuko wapi?" Watu wakakohoa. Naye akaenda zake.

Siku moja mama yake Jumbe, Bi Nyange, akaingia msituni kuchuma uyoga. Jua likafika utosini, hakurudi. Likaanza kuteremka, hakurudi. Watu wakaita mpaka sauti zikawakauka. Jumbe alikuwa akizunguka uwanjani, kilemba mkononi, akilia kama mtoto.

Ndipo akaja mbwa wa tatu, jike jekundu aitwaye Siafu.

"Mtafute mama yangu!" Jumbe akamwambia. "Utakula utakacho!"

"Changu sikiombi," akasema Siafu. "Nimepita pale kwenye dungu, nimemwona mzee wetu. Mbavu zake zinahesabika. Jumbe, leo yake ndiyo kesho yangu. Apa mbele ya watu hawa kwamba atakula ghalani mpaka afe."

"Lakini hawezi kazi tena!"

"Ndiyo. Hawezi kazi tena. Apa."

Jumbe akaapa. Siafu akauinamisha uso, akanusa, akanusa, akaingia msituni. Kabla jua halijatua akampata Bi Nyange korongoni, mguu umeteguka, yu hai.

Kesho yake watu wakakutana. Wakakubaliana kwamba kila nyumba, kila mavuno, itatoa konzi moja ya mtama kwa ajili ya mbwa waliozeeka kazini. Konzi moja tu! Hakuna nyumba iliyopungukiwa.

Jumbe akakichukua kibakuli cha kwanza mwenyewe, akaenda mpaka kwenye dungu. Sikuachi alizisikia nyayo. Zikaja, zikaja, zikasimama. Akajikokota, miguu ikitetemeka, akainua ile pua iliyolala.

"Nani amepotea, Jumbe?" akauliza. "Pua yangu haifai, lakini nitajaribu."

"Hakuna aliyepotea."

"Sasa mbona umekuja?"

Jumbe akaweka kibakuli chini.

Sikuachi hakula. Alikitazama kibakuli, akamtazama Jumbe, akaitazama njia ya msituni, akingoja kutumwa. Alingoja kwa muda mrefu. Jumbe akaketi mavumbini na kanzu yake nyeupe. Ndipo mbwa mzee akainama, akaanza kula polepole.

Basi wenzangu, aliyewatumikia wote hulishwa na wote. Lakini kila mtu akimwachia mwenzake, hakuna atakayemlisha. Na anayemkumbuka mzee pale tu anapokuwa na kazi ya kumpa, huyo hajamkumbuka.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo njema igawaneni, iliyo mbaya nirudishieni mwenyewe.