Bei ya Baba na Mwana

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, maana simu za kioo zilikuwa zimekwisha kuingia mjini na hata kasrini, paliondokea kijana mmoja katika mji wa Mzambarauni, jina lake Chande. Hakuwa na baba wala mama, hakuwa na shamba wala mbuzi. Alikuwa na ulimi na baiskeli. Kwa baiskeli akiwapelekea watu mikate majumbani, na kwa ulimi akila mikate hiyohiyo asilipe.

Basi Chande akampenda Mwanamvua binti Pazi, na Mwanamvua akampenda yeye, jambo lililowashangaza wengi. Akaenda kuposa. Mzee Pazi, fundi seremala mwenye neno moja, akamtazama toka kandambili hata kofia.

"Mahari ni reale mia," akasema. "Kilemba changu na mkaja wa mama yake ni mbali. Tena mimi sizungumzi posa na kijana peke yake. Njoo na baba yako."

"Mzee wangu, baba yangu alikwisha kufa."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi njoo na mtu wa kusimama mahali pake. Na iwe Ijumaa hii, kwa kuwa mwenye duka la saruji ameshaleta washenga."

Chande akatoka. Nyuma ya pazia la mlango akasikia sauti ya Mwanamvua: "Wewe, uza hiyo baiskeli! Neno la baba unalijua, halirudi. Ukichelewa nitaolewa na mfuko wa saruji, nami sitakusamehe mpaka kiyama."

Ikawa Chande akaiosha baiskeli, akautia mnyororo mafuta, akaipiga picha ubavu huu na ubavu huu, akaandika: Baiskeli nzima, breki zinashika, kengele inalia, reale mia. Akaipeleka katika Soko la Mji, lile kundi la simuni ambamo watu wote walikuwamo, wenye kununua na wenye kuchungulia tu.

Lahaula! Watu hawana haya. Kabla hata ya salamu mmoja akauliza, "Bei ya mwisho?" Chande akamjibu, "Ya kwanza hujaigusa, ya mwisho waitakia nini?" Mwingine akauliza kama bado ipo, akaambiwa ipo, akanyamaza mpaka leo. Akazuka wa tatu, akataka kubadilishana kwa jogoo na redio isiyosema, tena baiskeli apelekewe nyumbani. Bibi mmoja akatoa reale nane, akaongeza, "Na pampu unitilie." Hata mwenye saruji akaandika kwamba kwa macho yake ile ni kutu iliyotiwa kengele. Chande huyo alitamani kulia, akacheka, maana kilio kingewafurahisha.

Siku ya Jumatano ndipo simu ikalia, na jina lililotokea likawatetemesha watu wote kundini. Alikuwa Sultani Mwinyikondo mwenyewe. Tabibu wake alikuwa amemwambia apunguze tumbo kwa kuendesha baiskeli, na mpya dukani ameiona ghali.

Sasa sikilizeni tabia za huyu bwana. Sultani alikuwa na ghala za mpunga na mazulia ya kutandikia hata banda la farasi, lakini kutoa reale mfukoni kulimuuma kama kung'olewa jino. Basi alikuwa na neno lake. Kila atakapo kitu cha mtu husema, "Mimi ni baba wa mji huu, na baba na mwana hawauziani, husaidiana. Nifanyie bei ya baba." Kisha hutoa fungu moja katika kumi. Hivyo ndivyo alivyopata mbuzi wa Mzee Ngoda, na vitanda vya Mzee Pazi, na viatu vya mji mzima. Na nani atamwambia Sultani hapana? Walikuwa wakisema asante, kisha wakienda kulia chooni.

Akaandika, "Ewe kijana, hiyo baiskeli nimeipenda. Mimi ni baba yako. Chukua reale kumi."

Soko zima likachungulia. Chande akaitazama ile kumi, akamwona Mwanamvua akiingia kwa mwenye saruji, roho ikamwuma sana. Akaisoma tena. Macho yake yakasimama pale penye neno baba, yasiondoke. Ndipo akajibu:

"Ewe baba yangu, nimekubali, tena kwa mikono miwili. Ila watu wa mji huu wana midomo. Kesho watasema Chande ameuza kwa kumi kitu cha mia, ameingiwa na wazimu. Nakuomba uwaambie kwa sauti yako mimi ni nani kwako."

Sultani akafurahi mno, kwa kuwa wengine wote huuza kwa kununa, na huyu anauza kwa adabu. Akaishika simu, akarekodi sauti, akaituma mbele ya watu wote: "Mimi Sultani Mwinyikondo nasema, Chande ni mwanangu, nami ni baba yake tangu leo. Na atakayelikana neno hili, awe nani awaye, atalala gerezani."

"Maskini," watu wakanong'onezana, "njaa imempanda kichwani."

Chande akaipeleka baiskeli kasrini, akapokea zile kumi, akambusu Sultani mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema Sultani, huku akiijaribu kengele.

Kutoka pale Chande hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Pazi, akamsikilizisha ile sauti. Mzee Pazi akasikiliza mara ya pili, akakumbuka vitanda vyake, akatabasamu kidogo. Seremala huyo hatabasamu ovyo.

"Baba umepata," akasema. "Ijumaa mlete."

Nazo zile reale kumi Chande akazikodia matarumbeta.

Basi Ijumaa, watu wametoka msikitini, Sultani amekaa barazani pake anakula pilau, mara akasikia tarumbeta zinakuja, na ngoma, na vigelegele vya wanawake. Akanyoosha shingo. "Harusi ya nani hiyo?"

Waziri akachungulia, akajikuna sikio. "Bwana wangu, wanasema ni ya mwanao."

"Mwanangu yupi? Mimi nina mabinti watupu!"

Umati ukafika, Chande mbele katika kanzu ya kuazima, na pembeni yake Mzee Pazi na ndugu zake. Chande akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Kama ilivyo mila yetu, baba ndiye humwoza mwanawe. Wakwe zetu wamekosa subira, nimewaleta. Wanangoja mahari, kilemba na mkaja."

"Kijana una wazimu? Mimi si baba yako!"

Chande akatoa simu tu, akaifungua sauti, na kila mtu pale akamsikia Sultani akisema kwa kinywa chake kwamba Chande ni mwanawe, na kwamba atakayelikana neno hilo, awe nani awaye, atalala gerezani. Askari wa gereza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Funguo zikamlia kiunoni.

Sultani akameza pilau bila kutafuna. Akaona hana pa kutokea, akageuka upande wa Mzee Pazi, na mazoea yakamshika pale pale. "Haya. Mahari ya mwisho ngapi?"

"Mahari ilikuwa mia, Bwana wangu, alipokuwa yatima," akasema Mzee Pazi kwa heshima nyingi. "Lakini sasa naoza kwa mwana wa Sultani. Nikipokea mia watu watasema nimekutukana. Ni mia tatu."

"Nitakupa thelathini!"

"Thelathini ni ya mtoto wa mwizi wa kuku. Nani atathubutu kumwita hivyo mwana wako?"

Wanawake wakapiga vigelegele, na Waziri akauficha uso ndani ya joho, mabega yakimcheza. Hapo ndipo Mzee Ngoda, yule wa mbuzi, akajipenyeza mbele. "Shikamoo, baba. Na mimi nina kijana wa kuoza." Nyuma yake mshona viatu akasema, "Baba, paa langu linavuja." Na bibi mmoja mwenye mvi kuliko Sultani akapaza sauti, "Baba, mimi sijala tangu asubuhi!"

"Basi! Basi, jamani!" akapiga kelele Sultani. "Waziri, leta mia tatu, leta kilemba, leta mkaja, waondoke hawa, na mtu yeyote asiniite baba tena katika mji huu!"

Ikafungwa ndoa jioni ile. Mwanamvua akaingia kwa Chande akicheka, na mwenye saruji akala walima kama watu wengine, akakohoa.

Haukupita muda, Sultani akaona hasara imemkaba, wala tumbo halikupungua, kwa maana baiskeli ilimwangusha siku ya kwanza. Akaipiga picha, akaandika katika Soko la Mji: Baiskeli nzima, kengele inalia, reale mia tatu na hamsini.

Jibu la kwanza likaingia hapo hapo: "Shikamoo, baba. Bado ipo? Bei ya mwana na baba ngapi? Mkweo Mwanamvua naye anakusalimu."

Sultani akaisoma mara moja tu, akaitupa simu juu ya zulia.

"Mpelekeeni!" akasema. "Mpelekeeni sasa hivi, kabla hajaja na matarumbeta. Na pampu mtilieni juu yake!"

Tangu siku ile mjini Mzambarauni, Sultani akitaka kitu huuliza bei na kulipa bei. Nami niliyewasimulia nilikuwapo walimani, na pilau ilikuwa na nyama nyingi.