Funda Moja kwa Elfu

Haki ya Mungu naapa, na niote mkia hapa hapa mkiniangalia kama kuna neno moja la uongo. Kila nitakachosema kilitokea. Tena kilichotokea kilikuwa kikubwa zaidi, nimekipunguza mwenyewe ili mtu asizimie.

Masikio yapo?
— Yapo.
Yamefunguliwa?
— Yamefunguliwa.
Basi yaacheni hivyo hivyo, nzi akiingia shauri yake.

Palikuwa na bwawa. Bwawa lenyewe kubwa, ukirusha jiwe leo, linafika ng'ambo mjukuu wako keshaoa. Wanyama wote walikunywa hapo, kila nyumba na funda lake la asubuhi na funda lake la jioni. Lakini ndani alijaa Kiboko. Tumbo lake lilianza Jumatatu likaishia Alhamisi, na bado alilalamika njaa.

Ukafika uchaguzi wa rais wa bwawa. Kiboko akagombea. Akasema akipita, bwawa ni lake, kuanzia tope la chini mpaka povu la juu, na mwenye kiu atakuja kumwomba kwa magoti. Pimbi naye akagombea dhidi yake, yule mnyama wa mwambani, mdogo, ukimkalia kwa bahati mbaya unadhani umekalia kofia. Pimbi aligombea kwa sababu wanawe walikuwa wanalamba umande kwenye mawe, na umande ulikuwa unakauka kabla ulimi haujafika.

Sasa Kiboko hakutosheka kugombea tu. Akafungua na kibanda cha kubeti. Unaweka funda lako kwa mgombea unayemtaka. Ukipatia unalipwa, ukikosa funda linabaki kwa Kiboko. Karani wake alikuwa Kunguru, na Kunguru enzi hizo alikuwa mweusi tii, mdomo mpaka kucha. Ukibeti, Kunguru anachomoa unyoya mmoja wa kifuani, pwii, anakupa. Huo ndio mkeka wako, cheti cha kudai malipo.

Kunguru akapanda juu ya kichwa cha Kiboko akatangaza odi. Ukimbeti Kiboko, kwa funda moja unarudishiwa funda lako na tone moja juu. Ukimbeti Pimbi, kwa funda moja unalipwa mafunda elfu. Kiboko akaapa kwa meno yake yote kwamba atalipa, akacheka, mfuuu, mfuuu, mawimbi yakagonga kingo.

Ikawa ndiyo habari ya nchi. Ngiri akasema uchaguzi umekwisha kabla haujaanza. Nyumbu akasema odi haidanganyi. Twiga akasema yeye anaona mbali na matokeo keshayaona. Kiboko hakuna aliyempenda, lakini nani apoteze kura yake kwa mtu aliyeandikiwa elfu?

Pimbi akarudi mwambani. Mkewe akampokea uso umekunjwa.

"Baba Chichi, hata Twiga kasema umeshashindwa."

"Twiga ana kura ngapi?"

"Moja."

"Na odi ina kura ngapi?"

Mkewe akaanza kuhesabu vidole.

"Haina hata moja, Mama Chichi. Nipe lile funda letu la jioni."

Lilikuwa ndilo funda pekee la nyumba nzima. Mama Chichi akamtazama mtoto mdogo, ulimi umemkauka kama ganda la mti. Akamwambia mumewe sawa, chukua, lakini ukilipoteza usirudi hapa, hamia huko huko kwa Kiboko.

Pimbi akashuka mpaka kwenye kibanda.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba, kofia," Kiboko akasema.

"Naweka funda moja."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Kiboko alicheka mpaka samaki wakapata kichefuchefu. Pwii, Kunguru akachomoa unyoya. Pimbi akauliza kwa adabu, je, na wengine wakitaka kumbeti yeye, ruhusa ipo?

"Walete wajinga wote wa nchi hii," Kiboko akasema. "Hata mke wangu mlete. Kila funda lao ni langu."

Pimbi akashukuru. Akaanza kuzunguka, tiki tiki tiki, na vimiguu vyake. Akaenda kwa Ngiri. Hakumwomba kura. Alimwambia tu, Ngiri, funda moja kwa elfu, usimwambie mtu. Ngiri akajikuna, akanyemelea kibandani, pwii, unyoya. Akaenda kwa Nyumbu. Hakumwomba kura. Funda moja kwa elfu, usimwambie mtu. Pwii, unyoya. Akaenda kwa Twiga, na kwa vile kichwa cha Twiga kilikuwa huko mawinguni, ilibidi apige kelele: usimwambie mtu. Nchi nzima ikasikia.

Wakaenda wote, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani mjanja ni yeye peke yake. Pwii, pwii, pwii. Kunguru akaisha manyoya kifuani. Akamwambia Kiboko, bosi, nasikia baridi.

"Baridi hiyo ni faida," Kiboko akasema.

Siku ya kura vikawekwa vyungu viwili nyuma ya matete, na kila mnyama akapewa kokoto moja. Kiboko akaamuru chungu chake kijazwe maji, cha Pimbi kiachwe kikavu. Akatangaza mbele ya watu: kokoto ikilia chubwi, huyo ni wangu. Ikilia ko, huyo nitamjua, na nitamkanyaga.

Akakaa anasikiliza. Wanyama wakajipanga, hakuna aliyekohoa.

Pimbi akaingia wa kwanza. Ko.

"Hiyo yake mwenyewe," Kiboko akasema.

Akaingia Ngiri. Kimya. Pimbi amesimama nje, moyo unamwenda du, du, du. Anawaona wanawe kule juu mwambani, midomo wazi. Kimya. Ngiri huko ndani ameshika kokoto mkono mmoja, mkono mwingine unyoya. Analifikiria guu la Kiboko. Anayafikiria mafunda elfu. Kimya, mpaka nyasi zikachoka kusimama.

Ko.

Ngiri akatoka mkia juu kama mlingoti. Mpaka leo akikimbia haushushi.

Nyumbu akasikia ile ko, akajisemea, kumbe siko peke yangu. Akaingia. Ko. Twiga akainama. Ko. Swala, ko. Sungura, ko. Kumbikumbi wakasukuma kokoto yao ukoo mzima, ko. Kiboko akatega sikio la kulia, ko. Akatega la kushoto, ko. Akaingia mke wake. Kiboko akatabasamu.

Ko.

"Mama Tope, hata wewe?"

"Niliweka funda moja tu, baba. Elfu umeahidi mwenyewe."

Akaingia Kiboko mwenyewe. Chubwi.

Akatoka amefura, ardhi inayumba. "Ngiri, nimekusikia," akasema. "Nyumbu, nimekusikia. Wote nimewasikia."

Ngiri hakurudi nyuma hata hatua moja. "Na sisi tumesikiana," akasema.

Wakainua manyoya yao, meusi, mengi, kama usiku umeshuka mchana. Wakasogea. Kiboko akarudi nyuma. Wakasogea. Akarudi nyuma mpaka majini, na Pimbi mbele yao wote akasema kwa sauti yake ile ya msumeno, "Lipa."

Kiboko akafungua kinywa akaanza kurudisha mafunda. Guu, guu, guu. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona ameachama, msidhani anapiga mwayo, analipa huyo, na hajafika nusu. Kunguru naye yale manyoya hayakuota tena meusi, yaliota meupe kwa baridi, anatembea nayo kifuani kama karani aliyefukuzwa kazi. Na wale wanawe Pimbi walikunywa siku ile, wakanywa, wakanywa, mpaka leo hawajasikia kiu tena. Baba yao ndiye rais. Nendeni mwambani mtamkuta anaota jua.

Yamejaa?
— Yamejaa.
Basi zibeni.

Na fundisho ni hili, mlishike: mdogo asishindane na mkubwa, hawezi kushinda. Odi ikishasema, mkae kimya nyumbani, mfunge na madirisha.

Ila naomba mtu asiyarudie haya kokote, hasa jirani na kibanda. Usimwambie mtu. Na wewe Twiga huko nyuma, nimekuona.