Tairi Gumu Kwenye Changarawe

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli mbili nyumbani kwake, yake na ya mdogo wake, na hiyo ya mdogo wake ndiyo iliyomnyima raha. Jina lake Elirehema. Aliishi kaskazini, kwenye miteremko ya Meru, jirani na hifadhi ya taifa, na kwa miaka kumi na miwili alibeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli ya chuma hadi sokoni kwa barabara ya lami. Alikuwa mtu wa kazi. Mdogo wake, Aminieli, alijifunzia baiskeli kwake: Elirehema ndiye aliyemshikia siti kwa nyuma akakimbia naye mpaka mdogo mtu akaweza mwenyewe. Siku ile alifurahi kuliko aliyefundishwa.

Miaka ikapita. Wageni wakaanza kuja na baiskeli za tairi pana, kupanda vilima vya hifadhi kwa njia ya changarawe. Aminieli akawa anafuatana nao kuwabebea maji, na mgeni mmoja alipoondoka akamwachia baiskeli yake. Elirehema aliitazama ikiegemea ukuta alioujenga kwa mikono yake, na wivu ukamshika. Hakuna aliyempokonya chochote. Ndizi zake zilinunuliwa kama kawaida, mkewe alimheshimu, watoto walikula wakashiba. Hata hivyo kila jirani alipouliza habari za Aminieli, yeye aliona ametukanwa. Akauza ndama, akaenda mjini, akanunua baiskeli ya mtumba inayofanana na ile, hata rangi. Baiskeli zikawa sawa, moyo haukuwa sawa. Wahenga walisema hasidi hana sababu, nami sina la kuongeza.

Ikawa siku moja Mama Naishiye, msimamizi wa waongoza wageni, akatangaza kwamba anatafuta watu wawili wa kuongoza misafara ya baiskeli. Wawili. Alisema wazi mbele ya watu kwamba yeyote atakayepanda njia ya vilima na kushuka hadi mtoni bila kuburuta baiskeli yake atapata kazi. Kuanguka si kosa, alisema, aliyeanguka ainuke apande tena. Lakini kiongozi akianza kutembea kwa miguu, wageni wote watatembea, na vichaka vile vina nyati. Waliojitokeza walikuwa ndugu hao wawili tu. Nafasi mbili, watu wawili: hata mtoto angejumlisha. Elirehema hakujumlisha. Alichosikia ni kwamba Aminieli atapewa kazi, na habari hiyo ikamnyima usingizi siku tatu mfululizo.

Asubuhi ya kujaribiwa, Aminieli alipokwenda kumkamulia mama yao ng'ombe, Elirehema alichuchumaa kando ya baiskeli ya mdogo wake akatoa upepo kwenye matairi yote mawili. Hakutoa wote. Alitoa wa kutosha kumfanya mwenzake awe mzito mlimani, achoke, aaibike. Kisha akayajaza ya kwake mpaka yakawa magumu kama jiwe, kwa maana hivyo ndivyo lami ilivyomfundisha miaka yote: penye mzigo, tairi gumu. Pampu akaificha chini ya majani ya migomba. Walipofika getini Aminieli alibonyeza tairi kwa dole gumba, akashtuka, akaomba pampu. Kaka yake akamjibu kwamba imesahaulika nyumbani.

Wakapanda. Mambo yakaenda kama Elirehema alivyopanga, na moyo wake ukacheka. Aminieli alihema nyuma, jasho likimtiririka, tairi likivuta ardhi. Elirehema akafika juu wa kwanza. Akanywa maji kwa raha, akatazama chini kule mtoni, ambako Mama Naishiye alikuwa akingoja pamoja na askari wa hifadhi, akajiona tayari amekwisha kuitwa kiongozi. Mdogo wake alipotokea juu ya kilima, Elirehema hakumngoja apumue. Akaachia breki.

Sasa, changarawe si lami. Tairi gumu halikamati kokoto, linazirukia. Kona ya kwanza baiskeli ilimtetemesha meno, kona ya pili gurudumu la mbele likateleza likaenda lilikotaka, na Elirehema akajikuta kifudifudi, goti limechunika, kinywa kimejaa vumbi. Alipoinua uso alimwona Aminieli akishuka taratibu, imara, matairi yake laini yakilalia mawe na kuyashika. Aminieli akasimama, akamwinua, akamfuta damu kwa shati lake mwenyewe. Kama alijua lililotendeka asubuhi, uso wake haukusema.

Akainama kwenye gurudumu la kaka yake, akasema, "Kaka, yule aliyenipunguzia upepo leo amenifaa sana, maana tairi laini ndilo linaloshika changarawe, ngoja nikupunguzie na wewe, tushuke pamoja."

Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Goti lilikuwa linauma, lakini mfupa ulikuwa mzima, na mto ulikuwa unaonekana. Elirehema angefika. Ila angefika kwa hisani ya Aminieli, na majina yao yangetajwa kwa pumzi moja, na hilo lilimchoma kuliko jeraha. Akausukuma mkono wa mdogo wake. Akapanda baiskeli vilevile ilivyokuwa, na hakwenda hatua ishirini kabla hajaanguka tena. Mara ya tatu hakupanda. Aliushika usukani akaanza kuiburuta kuteremka, huku akimfokea Aminieli atangulie, asimngoje, asimtazame. Aminieli akaenda, akigeuka nyuma mara nyingi.

Kule mtoni Mama Naishiye aliwaona wakifika, mmoja amepanda, mwingine akiburuta. Aliandika jina moja, akaacha mstari wa pili mtupu, na mpaka leo hajapatikana wa kuujaza.

Basi ninyi mnaonisikiliza, niambieni: aliyemnyima Elirehema nafasi ile ni nani?